Wenzangu wanapiga shoti ufukweni, mie naganda: kujiamini juu ya farasi kunajengwaje?

#1 BintiMatemwe

Assalaam alaykum wanajukwaa. Najua uzi wa farasi humu ni nadra, wengi wetu farasi tunamuona akipita ufukweni na mgeni juu yake, basi. Lakini najua pia humu mna masaisi, yaani watunza farasi, mna wanaoongoza wageni Nungwi na Paje, mna watu wa mifugo. Ndio maana nauleta.

Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja huku kaskazini mashariki. Masika ikiingia hoteli hufungwa, na banda la farasi la jirani nalo hukosa wageni, kwa hiyo hutufundisha wenyeji kwa bei ya kirafiki. Nia yangu si kupiga picha. Nataka niwe muongozaji wa wageni juu ya farasi, maana mapokezi nimeshachoka kutabasamu.

Shida yangu ni hii. Kutembea niko sawa. Telki, ule mwendo wa haraka unaofuata kutembea, niko sawa, nainuka na kukaa kwa mapigo yake bila kupigwa na tandiko. Ikija mbio ndogo, ule mwendo wa kabla ya shoti, yaani kabla ya mbio kali kabisa, mwili unakataa. Vidole vinazama kwenye singa za shingo yake, magoti yanabana, pumzi inakatika. Mwalimu anasema "legeza", najiona nimelegeza kumbe nimekakamaa vile vile. Sijawahi kuanguka, msije mkanipa pole ya kuanguka.

Tulianza pamoja na kijana mmoja wa jikoni na msichana wa Kizungu aliyekuja kujitolea. Wote wawili sasa wanapiga shoti mpaka mwisho wa ufukwe. Kila Ijumaa banda linatuma video zetu kwenye grupu la WhatsApp. Nafungua za wenzangu, yangu naipita. Nikifika bandani Jumamosi roho imeshavunjika hata farasi sijamgusa. Wenye uzoefu, hili linatibiwa vipi?

#2 KijitiChaMwani

Watu tunahangaika na bei ya mchele, nyie mna uzi wa farasi hahaha. Zanzibar hii ina mambo.

#3 BintiMatemwe

Kaka yangu, na mie ndio naufukuzia huo mchele. Muongoza farasi anapata bahashishi ambayo mapokezi sijaiona tangu niajiriwe.

#4 SaisiWaZamani

Waalaykumu salaam mwanangu. Nakuuliza kwanza: huyo kijana wa jikoni anapewa farasi gani, na wewe unapewa yupi?

#5 BintiMatemwe

Shikamoo mzee wangu. Yeye anapewa dume mmoja wa kahawia, mtu mzima, kahasiwa, ndiye anayebeba wageni wasiojua kitu. Mie napewa jike mwepesi, bado mdogo, masikio hayatulii.

#6 SaisiWaZamani

Marhaba. Nilijua tu. Huyo wa kahawia ufukwe ule anaujua kuliko wavuvi. Akiona wenzake wanakwenda naye anakwenda, wakipunguza anapunguza, aliye juu hata akila embe atafika salama. Huyo jike wako yeye anasikiliza kila kitu. Ukibana magoti anasikia "ongeza". Ukivuta hatamu anasikia "simama". Unamwambia yote mawili kwa mpigo mmoja, naye anachanganyikiwa, anarusha kichwa, nawe unazidi kubana. Unapojipima na yule kijana unapima farasi wawili, nyinyi wenyewe hamumo kwenye mzani.

Mwombe mwalimu akutoe ufukweni kwa muda, akutie kwenye kamba ndefu ndani ya uwanja. Yeye anasimama katikati ameshika kamba, jike anamzunguka, kazi ya kumuongoza si yako tena. Hatamu zifungwe fundo zilale shingoni. Avalishwe ukanda wa ngozi shingoni, uingize vidole viwili humo. Singa usizitegemee, jasho likiingia zinateleza.

Sasa sikiliza mapigo. Farasi akitembea kwato zinapiga mara nne, telki mara mbili, mbio ndogo mara tatu kisha kuna kipande kidogo ambapo miguu yote imeacha ardhi. Ni hicho kipande kinachokutisha, maana mwili unahisi umeachwa hewani. Hesabu kwa sauti: moja mbili tatu, moja mbili tatu. Anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi, ndiyo faida yake. Kiuno kikae kama umo kwenye ngalawa inayosukumwa na mawimbi ya nyuma, ukikikaza utarushwa, ukikiachia kinakwenda nayo. Kisigino chini, macho mbele. Ukimtazama farasi kichwani utainama, na ukiinama uzito wako wote unamwangukia mabegani.

Nusu duara inatosha, rudi kwenye telki. Usingoje mpaka uogope ndipo ukatishe. Katisha wakati bado unataka kuendelea. Mwalimu akikwambia "moja tena" na hutaki, mwambie hutaki. Masaisi wengi hatupendi kusikia hivyo, lakini ndivyo inavyofaa.

#7 DktWaMifugo

Mzee kasema kweli kuhusu kusikiliza, na lina ushahidi wake. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichukua watu na farasi, wengine wakiongoza kwa mkono, wengine wakipanda, wapite njia ile ile mara nne. Kabla ya mara ya nne wakawaambia watu kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa kabisa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda kwa kuungojea, na ya farasi yakapanda pia, ilhali farasi hakuambiwa kitu.

Kwa hiyo dada, ile video ya Ijumaa unaipeleka bandani Jumamosi. Hujui unavyomfikia jike mlangoni: hatua za haraka, mabega juu, pumzi fupi. Yeye anasoma hayo, wala hajui kuna kijana wa jikoni anayepiga shoti.

Lingine la macho. Farasi macho yake yako pembeni, anaona karibu kote kumzunguka isipokuwa mbele kabisa ya paji na nyuma ya mkia. Mfuko ukipeperuka kwa pembeni yeye ameuona kabla yako. Akishtuka usidhani amekuhukumu wewe mpandaji. Ni mnyama aliyeumbwa kuliwa, kazi yake ni kukimbia kwanza na kuuliza baadaye.

(Kando kidogo, kwa vijana wasiojua: Unguja ilitangazwa kuwa haina tena mbung'o mwaka 1997, baada ya kuachiwa mbung'o madume waliotasishwa kwa mionzi. Kabla ya hapo nagana, ugonjwa anaoueneza mbung'o, ilikuwa inaua mifugo, hasa karibu na msitu wa Jozani. Mbung'o angekuwapo bado, haya mabanda ya farasi mnayoyaona yangekuwa na shughuli nzito zaidi.)

#8 ShogaWaPaje

Binti njoo nikwambie, maana mie ndio kazi yangu hiyo unayoitaka.

Kwanza zile video. Nimezirekodi mwenyewe za wageni, najua zinavyotengenezwa. Mtu anakwenda saa nzima, tunachukua sekunde chache ambazo farasi alinyooka, jua zuri, maji ya buluu nyuma. Ule wakati alipokuwa ameshikilia tandiko kwa mikono miwili haumo. Grupu lifunge sauti, yako mwombe mwalimu akutumie peke yako, uitazame naye akikuonesha mguu uko wapi na mkono uko wapi.

Pili huyo msichana wa Kizungu. Wengi wao huko kwao wamepanda tangu hawajaota meno ya mbele. Ana miaka juu ya farasi, ila kaanza na wewe kwenye banda hilo tu. Usimfanye kipimo.

Tatu, na hapa ndipo nilipopona mie: punguza kupanda, ongeza kukaa naye. Nenda mapema umpige brashi. Inua kwato umtoe mchanga na vijiwe, anza mguu wa mbele wa kushoto uzunguke. Mkirudi ufukweni mwoshe chumvi, hasa pale mkanda wa tumboni unapopita, chumvi na mchanga vikikaa hapo vinamchuna na kesho atakuuma ukimfunga. Hapo ndipo utakapomjua. Sikio moja likikugeukia wewe, anakusikiliza. Yote mawili yakilala nyuma kabisa, amekasirika, ondoka. Mguu mmoja wa nyuma ukipumzika kwa ncha ya kwato na mdomo wa chini ukining'inia, ametulia. Siku utakapokuwa umepanda ukaona lile sikio moja linarudi kwako, utajisahau kama kuna watu wanaangalia.

Nina tabia moja. Nikishuka, sijiulizi nimepandaje. Najiulizia farasi: leo kafanya nini? Naandika kwenye simu. "Kasita kwenye turubai la mama wa madafu, nimemsemesha, kapita." "Kaiti imetua karibu, kasimama, nimemwacha aitazame, kakoroma puani, tumeendelea." Huku Paje kaiti, yale matiara ya wanaoteleza majini, ni adui wa kila siku msimu wa upepo, kitambaa kikubwa vile kinapiga kelele na kuanguka kutoka mbinguni, hata mie ningekimbia. Ukisoma hayo baada ya muda unaona farasi yule yule anapita mahali alipokuwa hapiti. Na aliyekuwa juu yake ni wewe.

Ya kubana magoti usijilaumu, kila mtu anabana. Dawa yake ni kuimba. Sifanyi mzaha. Imba kasida uliyojifunza chuoni, taratibu, kwa sauti. Wageni wangu nawaambia waimbe za kwao.

#9 MpembaWaWete

Mie nitapinga kidogo. Mnamwambia dada asijilinganishe na mtu, haya, lakini atajifunza kwa nani? Sisi huku tumekua juu ya punda bila tandiko, hatukuwa na mwalimu. Unamtazama mkubwa wako anakaa wapi, mgongoni au kwenye makalio ya punda, na wewe unakaa hapo hapo. Nisingewatazama wenzangu ningekuwa bado naburuzwa njia ya Konde.

#10 ShogaWaPaje

Kaka, hilo silikatai. Kumtazama mtu uone kisigino chake kiko wapi ni kujifunza. Kumtazama uone yuko wa ngapi na wewe wa ngapi, hapo hakuna unachokitoa. Binti hajasema hata mara moja yule kijana anaweka mikono wapi. Kasema tu anafika mwisho wa ufukwe.

#11 MpembaWaWete

Hapo umenipata. Binti, mikono anaweka wapi?

#12 BintiMatemwe

Mmh. Wallahi sijui. Nitaangalia.

#13 JabirWaMtoni

Na mie nitie langu. Msimfanye farasi mgeni katika visiwa hivi. Jahazi liitwalo Sultana lilipokwenda New York mwaka 1840, ndani ya zawadi za Sultani Sayyid Said kwa rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili. Na watoto wake kwenye jumba lake la Mtoni walifundishwa kupanda wakiwa wadogo, wasichana nao wamo, binti yake Sayyida Salme ameyaeleza mwenyewe. Kwa hiyo mwanamke wa Kizanzibari juu ya farasi si jambo la jana.

Dada, ukitaka moyo, mfikirie Lis Hartel wa Denmark. Alipata polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, miguu ikafa kuanzia magotini kwenda chini. Mwaka 1952 Olimpiki ya Helsinki ilikuwa ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana na wanaume katika dresaji, yaani mashindano ya kumwendesha farasi kwa hatua za ustadi. Akachukua medali ya fedha, naye kupandishwa na kushushwa alikuwa anasaidiwa. Au Hiroshi Hoketsu wa Japani, alishindana London 2012 akiwa na miaka 71.

#14 BintiMatemwe

Kaka Jabir ahsante sana, lakini nimekuja hapa sijiwezi kwa kijana wa jikoni, sasa umeniongezea na mshindi wa Olimpiki!

#15 KijitiChaMwani

Hahahaha mleta uzi kamaliza. Haya na mie nimeanza kuusoma kwa makini, endeleeni.

#16 JabirWaMtoni

Nimekubali, nimefutwa.

#17 UstadhWaShamba

Ipo kauli inanasibishwa kwa Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba tuwafundishe watoto kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi. Kwa hiyo binti yangu fanya, ila kwa stara. Hilo la mavazi mnalifanyaje? Maana helmeti na mtandio naona vinagombana.

#18 ShogaWaPaje

Havigombani ustadh, ni kujua tu. Ndani unavaa kile kikofia cha pamba cha kubana kichwa, au mtandio mwepesi wa kunyooka uliokunjwa bapa kisogoni. Pini hata moja usiweke ndani ya helmeti, ukianguka inaingia kichwani. Ncha za mtandio zinatiwa ndani ya blauzi zisipepee, upepo wa kusi ukizishika zinamtisha farasi na zinakuziba macho. Helmeti ikae bapa, juu ya nyusi kwa upana wa kidole kimoja au viwili, ukitikisa kichwa isicheze. Nenda kuipima ukiwa umeshavaa hicho cha ndani. Suruali pana ya kitambaa kizito chini ya kanzu fupi iliyopasuliwa pembeni. Viatu viwe na kisigino kidogo na soli laini, ndala na raba pana hapana, mguu ukipenya wote kwenye kikuku, kile cha kukanyagia, ukaanguka, farasi atakuburura.

Na ustadh, helmeti ikishaanguka na kichwa ndani, hiyo imekwisha kazi hata kama haina ufa. Wapo wanaozinunua za mitumba, mie siwezi.

#19 KijitiChaMwani

Sasa na mie nina swali la kweli. Mama yangu ana mashamba ya mwani Jambiani. Hao farasi wanapita wapi? Kuna siku tumekuta kamba zimekatika.

#20 ShogaWaPaje

Muongozaji mwenye akili hapiti kwenye vigingi vya mwani kabisa. Kamba zile zikimzunguka farasi mguuni anavunjika, halafu ni jasho la mama zetu. Tunapita ukanda mgumu kati ya mchanga mkavu na maji. Waliopita kwenye kamba za mama yako mkamateni mkawaambie, mie nawaunga mkono.

#21 BintiMatemwe

Wapendwa, nimerudi na habari. Nimefanya kamba ndefu kama alivyoagiza mzee. Mwalimu alishangaa nimeomba mwenyewe, kisha akakubali.

Mara ya kwanza nilihesabu moja mbili tatu nikajikuta nasema moja moja moja kwa woga, mwalimu akacheka, jike akapunguza mwenyewe. Ya pili nikaimba. Nilihisi kile kipande cha hewani alichokisema mzee, na safari hii kiuno kilirudi chini nacho, tandiko halikunipiga. Hapo hapo nikamwona: sikio la kushoto, la upande wa ndani wa duara, limegeuka kwangu, limesimama hivyo hivyo mpaka nilipoomba telki. Shoga, ulikuwa huongopi.

Kijana wa jikoni nimemwangalia mikono. Anaiweka chini na mbele, anamwachia farasi kichwa huru. Mie nilikuwa naivuta mpaka tumboni. Nilipomwambia akasema hakuwa anajua kama anafanya hivyo.

Ufukweni bado sijatoka kwa mbio. Sijalala macho kwa hilo. Ila nina swali moja linanikera, na mwalimu kila nikimuuliza ananijibu "hatakimbia". Mzee wangu, akikimbia je? Akinichukua ufukwe wazi?

#22 SaisiWaZamani

Mwanangu, "hatakimbia" si jibu la kumpa mwanafunzi. Farasi yeyote anaweza kuchukua. Anayejua la kufanya anabana magoti kidogo kuliko asiyejua.

Chagua siku kwanza. Usitoke siku za maji mafu, bahari haikupwi sana, ufukwe unakuwa mwembamba, huna pa kugeukia. Ngoja bamvua. Huku kwetu maji yake hukauka sana kwenye saa nne, saa tano asubuhi, mchanga unabaki mpana na mgumu. Mbele yako atangulie farasi mtulivu, tena atembee.

Akikuchukua, kaa wima. Mwili utataka kuinama mbele, na ukiinama yeye anaongeza. Mabega nyuma, visigino chini, pumua. Usivute hatamu zote mbili ukaning'inia nazo, atazitegemea na kukushinda nguvu, farasi ana uzito wa kilo mia nne na zaidi. Mkono mmoja uuweke imara shingoni, mwingine uvute, uachie, uvute, uachie. Ukiona kuna nafasi mgeuze kwenye duara kubwa, kisha upunguze duara kidogo kidogo. Usimkate kona ya ghafla akiwa kwenye kasi, ataanguka nawe. Mchanga mkavu wa juu unamchosha haraka, mwelekeze huko kama hakuna viti vya wageni. Usiruke.

Na hili uwaambie wenzio kabla hamjatoka bandani: mmoja akichukuliwa, wengine wote wasimame pale pale. Wakimfukuza kumsaidia, farasi wake anaona yuko kwenye mashindano.

Jike huyo nimemfikiria tangu uliponieleza. Mwalimu akupe wiki nyingine za kamba, kisha mbio ndogo ndani ya uwanja bila kamba, upande wa kushoto na wa kulia, maana farasi wengi wana upande mmoja mgumu. Ukijua upande wake mgumu ni upi, uandike hapa.